Land Rover 109 ya Muheza: klachi iliyokataa kuachia

"Shikamoo mjomba. Fundi anasema klachi imekufa, anataka kushusha giaboksi. Nimruhusu?"

Simu hiyo ya kijana wa Muheza niliipokea Ijumaa jioni nikiwa Tanga mjini. Nikamjibu marahaba, na kwamba amwambie fundi aweke spana chini mpaka nifike kesho. Si kwamba simwamini fundi. Shida ni kuwa giaboksi ya Land Rover ya zamani haishushwi, inapandishwa. Unatoa viti, unatoa sanduku zima la bati lililobeba viti, unatoa mabati ya sakafu na kava la katikati, boliti nyingi zikiwa zimeshaungana na bati kwa kutu, ndipo unainyanyua giaboksi pamoja na transfa (sanduku la gia la nyuma yake, linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) kwa cheni bloku na kuitolea mlangoni. Ni siku mbili za kazi ukiwa na bahati, na kila boliti inayokatika inakuongezea saa. Kazi ya namna hiyo huianzi kwa kukisia.

Gari lenyewe ni 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) Series IIA, petroli, injini ya lita 2.25. Series IIA zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1961 hadi 1971, na kadi ya hili imeandikwa 1968. Marehemu baba yake kijana alilinunua shamba moja la mkonge lilipokuwa linauza magari yake chakavu, akalitumia miaka mingi kubebea machungwa kutoka vijiji vya njia ya Amani. Alipofariki likabaki chini ya mwembe. Likafunikwa turubai, turubai likaoza, likabaki wazi. Miaka saba hivyo.

Kijana alipoamua kulifufua, mambo yalianza vizuri kuliko alivyotegemea. Tangi likasafishwa, kabureta ikafunguliwa, betri mpya, plagi mpya, vikombe vya breki vikabadilishwa kwenye magurudumu yote, na injini ikawaka siku ya pili. Watu wa nyumbani wakapiga vigelegele. Kisha akakaa kwenye usukani, akakanyaga klachi, na pedeli ikazama mpaka sakafuni bila kukutana na kitu.

Fundi akabadilisha mipira ya masta ya juu, iliyo kwenye pedeli, na ya chini, inayopokea mafuta yake kule kwenye giaboksi. Pedeli ikapata ugumu kiasi. Lakini gari likabaki na ugonjwa uleule: injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia bila ubishi, injini ikiwaka, hakuna gia inayoingia, zinalia tu kama msumeno unaokata bati. Na ukiingiza gia kwanza, ukakanyaga klachi, halafu ukapiga stata, gari linaruka mbele kama mbuzi aliyepigwa fimbo. Hapo ndipo fundi aliposema imekufa.

Neno hilo ndilo lililonifanya niende. Klachi iliyokufa, kwa maana ya kuisha, inateleza: injini inanguruma, gari linajivuta, harufu ya kuungua inajaa ndani. Hii haikuwa inateleza hata kidogo, ilikuwa imeshika na haitaki kuachia. Ni magonjwa mawili yanayopingana, na dawa ya moja si dawa ya jingine. Klachi isiyoachia ina pande mbili za kutazama. Kuna upande wa mguu: pedeli, masta mbili, bomba, mafuta, wenzo na uma unaosukuma beringi. Na kuna upande wa pleti: pleti yenyewe, yaani sahani yenye lainingi, flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, presha pleti yenye springi zinazoibana pleti kwenye flaiwili, meno ya shafti inayoingia kwenye giaboksi na bushi inayoshika ncha ya shafti hiyo. Upande wa kwanza unauona kwa macho na kuushika kwa mkono. Wa pili umefichwa ndani ya nyumba ya klachi, na huo ndio unaodai sakafu nzima itolewe. Kwa hiyo unaumaliza wa kwanza kabla hujagusa wa pili, hata kama moyo unakuambia jibu unalijua.

Jambo moja lililonizuia nisiamini kilio cha gia peke yake: kwenye giaboksi hizi namba moja na namba mbili hazina sinkronaizi, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Zinalia hata gari likiwa jipya, kama dereva ana haraka. Kijana amejifunzia gari la Kijapani la juzijuzi, hajui kusubiri. Nikamwomba ajaribu namba tatu na nne, ambazo zina sinkronaizi. Nazo zikakataa. Basi, kosa si la dereva.

Tukaanza na upande wa mguu. Kwenye IIA masta ya chini haisukumi uma moja kwa moja. Inasukuma wenzo ulio kwenye shafti fupi ya kukingama, na shafti hiyo imeungwa na shafti ya uma kwa kipande cha bomba na pini mbili. Pini zikiliwa, masta inafanya kazi yake yote na uma haupati habari. Tulitoa kava la katikati tu, boliti chache, na nikachora mstari wa chaki upande huu wa bomba na upande ule. Kijana akakanyaga. Mistari yote miwili ikazunguka pamoja, lakini kidogo mno. Nikapima mwendo wa fimbo ya masta ya chini kwa rula ya shule ya mdogo wake: robo inchi, basi.

Huo ulikuwa upepo, hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya klachi. Bomba la klachi la magari haya lina mahali upepo unapenda kujificha, juu karibu na masta, na ukiutafuta kwa kupiga pedeli unaweza kushinda mchana kutwa. Fundi alikuwa ameshapiga pedeli mpaka mguu ukafa ganzi. Tulifanya kinyume: tukajaza mafuta ya breki kwenye kikopo cha kupakia oili, kilichosafishwa vizuri, tukafunga mpira kwenye nipeli ya chini na kusukuma mafuta yapande. Vipovu vikatokea juu kwenye kopo la mafuta la gari, kimoja kimoja, halafu mfululizo kama chungu cha uji. Kopo la gari hili ni moja kwa klachi na breki, kwa hiyo mtu mmoja alisimama na sirinji akipunguza lisije likafurika na kula rangi. Tulipomaliza fimbo ilitembea nusu inchi kamili. Mistari ya chaki ikazunguka sawasawa.

Tukawasha. Gia zikalia vilevile.

Fundi alinitazama kwa macho ya "nilikwambia." Nami sikukasirika, kwa sababu sasa tulikuwa tunajua kitu ambacho asubuhi tulikuwa tunakisia tu: uma unasukumwa, na pleti haiachii. Lakini haiachii kwa sababu gani? Kipande cha presha pleti kimevunjika? Bushi ya ncha ya shafti imekauka na kuuma? Au pleti imegandiana na flaiwili kwa kutu? Mbili za kwanza zinadai giaboksi itoke, upende usipende. Ya tatu pengine haidai.

Gari hili bado lina hendeli yake ya kuwashia, ile ya kuingiza mbele kwenye bampa, na hapo ndipo ilipolipa gharama ya kubebwa miaka yote. Tulizima swichi, tukachomoa waya wa koili, tukatoa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi. Magurudumu matatu tukayawekea magogo, mbele na nyuma, moja la nyuma tukalinyanyua kwa jeki na kuweka stendi. Magogo si mapambo. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye transfa kwenda difu ya nyuma. Ukishanyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliachia lizunguke, na breki ya mkono haishiki tena gari. Linashuka kwenye jeki likiwa limevutwa breki.

Gia namba nne, transfa kwenye hai (mwendo wa kawaida), kirungu cha njano kiko juu ili ekseli ya mbele isiingie, breki ya mkono imeachiwa. Kijana akakanyaga klachi mpaka chini na kubaki hapo. Nikazungusha hendeli polepole. Gurudumu la nyuma likazunguka nami, taratibu, bila kuchelewa hata nukta moja. Klachi imekanyagwa na gurudumu linafuata injini.

Hiyo peke yake haitoshi, maana hata bushi inayouma kidogo inaweza kuliburuta gurudumu lililo hewani. Nikamwambia avute breki ya mkono. Shafti sasa imeshikwa. Kama ni bushi, nikikaza mkono hendeli itazunguka kwa uzito fulani, injini itashinda. Nikakaza. Nikaegemea. Fundi naye akaja tukashika wawili. Hendeli haikusogea, ila stendi ililia kidogo tukaacha. Kitu kinachobana namna hiyo si bushi iliyokauka. Ni pleti iliyoungana na chuma.

Ilinibidi sasa nijiulize maji yalifikaje huko. Unyevu wa pwani peke yake unaweza kugandisha klachi ya gari lililosimama, kwa sababu gari likisimama klachi yake imefungwa: springi zinaibana pleti kwenye flaiwili mchana na usiku, na kutu ikianza hapo katikati inafanya kazi ya gundi. Ila Muheza si ufukweni, na mshiko huu ulikuwa mkubwa. Nikalala chini ya gari na tochi.

Chini kabisa ya nyumba ya flaiwili, Land Rover hizi zina tundu. Limewekwa makusudi liwe wazi, ili oili inayovuja kutoka sili ya nyuma ya injini idondoke chini badala ya kulowesha klachi. Gari lilikuja na kizibo cha kulifunga, na kazi ya kizibo hicho ni moja tu: unakifunga unapotaka kuvuka maji marefu, ukishavuka unakitoa. Mafundi wengi wa sasa wakiliona tundu linadondosha oili wanadhani kuna kitu kimepotea, wanatafuta boliti na kuziba. Hapa palikuwa na kizibo chenyewe, cha asili, kimekazwa na kupakwa tope la miaka.

Nilipokizungusha kwa spana kilikataa, kisha kikakubali kwa mlio. Maji yakatoka kabla sijakitoa chote. Yalikuwa kama kikombe kimoja cha chai, na rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokaa mno jikoni, na juu yake utando wa oili. Yakaniingia kwenye mkono wa shati. Harufu ya chuma iliyooza, kama ya kisima kilichoachwa.

Mama yake kijana alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha. Alipoonyeshwa kizibo alikumbuka mara moja: marehemu alikifunga wakati wa mvua za El Niño, mwaka 1997 kuelekea 1998, mto Zigi ulipokuwa unapita juu ya barabara na yeye ana mzigo wa kupeleka. Kama hakukitoa tangu hapo, kilikaa zaidi ya miaka ishirini. Gari likiwa linatembea, joto la injini pengine lilikuwa linakausha kilichoingia. Liliposimama chini ya mwembe bila turubai, mvua ikawa inapita kwenye nyufa za mabati ya sakafu, inatiririka juu ya giaboksi, inaingia kwenye nyumba ya klachi, na haina pa kutokea.

Hapo kila aliyekuwepo alikuwa na dawa. Fundi alitaka tumimine mafuta ya taa kupitia tundu hilohilo, tulowanishe kutu. Nilikataa. Kutu italainika, sawa, lakini pleti ikishakunywa mafuta ya taa au dizeli itateleza, na tutakuwa tumetibu ugonjwa mmoja kwa kununua mwingine. Jirani mwenye trekta alijitolea kulivuta kwa mnyororo gari likiwa kwenye gia na klachi imekanyagwa. Hilo nalo nililikataa, kwa sababu eksoshafti za nyuma za Series, zile shafti za ndani ya ekseli zinazozungusha magurudumu, zinajulikana kwa kukatika, na mnyororo ukikazwa ghafla ndizo zitakazoachia kabla ya pleti. Fundi akaja na wazo la tatu, ambalo watu wengi wanalitumia: nyanyua magurudumu ya nyuma, washa kwenye gia, yakishashika kasi kanyaga klachi na breki kwa pamoja. Akapanda na kuvuta kirungu chekundu nyuma ili aanzie lo, upande wa transfa wa mwendo mdogo, gari liende polepole. Nilimshika mkono. Kwenye Series ukiingiza lo, ekseli ya mbele inaingia yenyewe; huwezi kuwa na lo ya magurudumu mawili. Magurudumu ya mbele yako ardhini. Gari lingejivuta kutoka kwenye stendi na kwenda na ukuta wa jiko.

Tulichofanya kilikuwa cha kivivu zaidi. Tundu tuliliacha wazi siku mbili, jua linapiga, ili ndani pakauke. Pedeli tukaikanyaga na kuitegemeza kwa kipande cha mti wa mwarobaini kati yake na sanduku la viti, ikabaki chini usiku kucha. Ukifanya hivyo springi haziibani tena pleti. Kilichobaki kuishika ni kutu tu, na chuma kinapopoa usiku na kupata joto mchana kinajisogeza chenyewe. Mara nyingine unaamka asubuhi unakuta imeachia. Yetu haikuachia.

Jumatatu tukaenda nalo kwenye barabara ya shamba, iliyonyooka, tambarare, mkonge huku na huku na hakuna mtu. Breki tulizijaribu kwanza, maana gari ambalo klachi haiachii lina njia mbili tu za kusimama, breki na swichi. Tuliiacha injini iwake kwenye nyutro dakika ishirini, flaiwili ipate joto. Tukazima. Lo, namba tatu, klachi chini, stata. Likaondoka kwa kujikokota huku stata inalia, injini ikashika, na tukawa tunatembea mwendo wa baiskeli na klachi imekanyagwa mpaka sakafuni, jambo ambalo mguu wa dereva hauamini. Kwa vile tulikuwa lo, magurudumu yote manne yalikuwa yanagawana mzigo, eksoshafti za nyuma hazikubeba peke yake. Kijana alikuwa anakanyaga mafuta, anaachia, anakanyaga, anaachia, mimi nikiwa pembeni nahesabu. Kisha mafuta pamoja na breki, injini inavuta na magurudumu yanakataa, sekunde mbili tu, anaachia.

Mara ya tisa ukatokea mlio, pa!, kama ubao unaovunjwa gotini. Injini ikapanda juu kwa kelele na gari likaendelea kuserereka kimya. Kijana alishtuka akaachia pedeli, gari likashtuka nalo, likazima. Tukakaa. Kisha akakanyaga tena, akawasha, akaingiza namba moja. Ikalia kidogo, ikaingia.

Niliwaambia ukweli wangu siku hiyohiyo: imeachia, haijapona. Ukiondoka kulikuwa na mtetemeko, hasa rivasi kwenye mwinuko, gari zima linatikisika kama linabishana. Nilishauri wasilitoe mbali na wilaya, na wakisikia kitu kinagongagonga ndani wasimame. Wakakubali, wakalitumia miezi mitatu hivyo, mpaka pleti mpya ilipopatikana na giaboksi ikatoka mlangoni kama fundi alivyotaka tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba sasa tulijua tunachokwenda kukuta, na vipuri vilikuwa mezani tayari.

Vumbi la ndani tulilifuta kwa kitambaa chenye maji, hatukulipuliza kwa kompresa, kwa sababu lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto na si vumbi la kuvuta puani. Kwenye lainingi palikosekana kipande cha ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Kipande chenyewe tulikikuta kimebaki kwenye flaiwili, kimeng'ang'ania. Huo ndio uliokuwa mtetemeko. Meno ya shafti yalikuwa mazima, bushi nzima.

Kilichonivutia zaidi kilikuwa kwenye uso wa flaiwili. Sehemu kubwa kutu ilikuwa nyepesi, ya kufuta kwa msasa. Lakini upande mmoja palikuwa na umbo la mwezi mchanga, jeusi, limechimbika, lenye mpaka ulionyooka upande wa juu kana kwamba limepigwa rula. Ni mstari wa maji. Injini ilisimama mahali pamoja miaka saba, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa chini, imekaa ndani ya kikombe kile cha chai. Fundi alipitisha kidole kwenye mpaka ule mara mbili, akaenda kukichukua kizibo dirishani na kukitazama upya.

Flaiwili ikapelekwa kuchongwa Tanga, pleti na presha pleti mpya zikafungwa, meno ya shafti yakapakwa grisi kidogo sana. Tundu liko wazi na linadondosha oili tone moja moja, kama inavyotakiwa. Kizibo kimefungwa kwa waya kwenye hendeli, nyuma ya kiti. Namba moja bado inalia ukiiharakisha. Hiyo haina dawa, ilitoka kiwandani hivyo, na kijana anajifunza kusubiri.